Jina Langu Kwenye Risiti ya Mazishi

Jumatano, 11 Agosti 2021

Ambulansi imembeba Eusebio saa nne asubuhi. Nimeona kwa macho yangu, nilikuwa kwenye fensi. Watu wawili wamevaa plastiki mwili mzima kama wale wapulizaji wa dawa ya mbu kule kambi ya wakimbizi. Yeye juu ya machela, barakoa usoni, macho tu yanaonekana. Akanipigia saluti! Amelala, lakini saluti ni saluti. Nikamrudishia, vidole vimenyooka. Adjudant wa jeshi hasahau.

Si korona. Ni moyo. Mke wake amesema hivyo. Anaitwa Felicitas, mimi namwita Mama Feli. Wafilipino wote wawili. Miaka sita tunagawana fensi hapa ugenini, Mount Druitt. Lugha yao hatuijui, yetu hawaijui, tunavunjavunja Kiingereza hapo katikati na mambo yanaenda.

Mama Feli hakuruhusiwa kumsindikiza. Hospitali haitaki mtu wa pili. Na helikopta ya polisi inazunguka juu tangu asubuhi kutafuta watu waliokaa nje. Mimi nimekaa nje. Waje.

Jumamosi, 14 Agosti

Siku ya tatu kiti chake kiko tupu. Kila siku saa nne alileta kahawa kwenye chupa, akanimiminia juu ya fensi. Tunazungumza vita. Yeye alikwenda Vietnam akiwa kijana, halafu vita vya kwao kusini. Mimi nilimpa vyangu — vita vya Shaba kule kwetu Kongo, kuruka na parashuti, jenerali kunishika mkono mbele ya kikosi kizima. Anacheka, ananiita Sarge. Nilimweleza kwamba Adjudant yuko juu ya sajini. Akasema, haya basi, Sarge.

Kuna siku moja alinichoma. Alisema serikali ya kwao haimsahau askari wake wa zamani. Akifa, kuna ofisi Manila ya watu kama yeye, wanasaidia gharama za mazishi. Hata kama amefia nje ya nchi! Bendera juu. Akaniuliza, na kwenu je, Sarge? Nikasema kwetu mizinga inapigwa. Nikauliza bei ya nyanya.

Jumanne, 17 Agosti

Eusebio amekufa. Jana mchana. Mama Feli alionyeshwa kwenye simu, muuguzi ameishika. Aliaga simu.

Alikuja kwenye fensi kuniambia. Hakulia. Alisema tu, Manong, ameenda. Manong ndiyo kaka mkubwa kwa lugha yao. Nikanyoosha mkono nimshike, nikakumbuka hairuhusiwi. Nikaushika ubao wa fensi. Na yeye akaushika ubao uleule kwa upande wake.

Alhamisi, 19 Agosti

Leo nimefanya kazi ya mwanamume.

Benki imefunga akaunti, ilikuwa kwa jina la marehemu. Watoto wao wawili wako Dubai, kazi zimesimama. Mama Feli hana cha kulipa nyumba ya mazishi. Nikampigia Pasta Vénérand. Nikamwambia, yule Mfilipino ametengeneza mashine za kufulia za nusu ya kanisa letu, Wakongomani na Warundi, na hakuchukua kitu. Asubuhi hadi saa saba mchango umetimia, kwa simu tu. Watu wetu!

Sasa kwetu mjane hatoki kwenda kununua sanduku. Anakaa chini, anatunzwa. Mkubwa wa wanaume ndiye anabeba mchango, anakwenda, analipa, na jina lake linaandikwa kwenye karatasi. Hapo kila mtu anajua msiba huu una mwanamume. Nikavaa koti langu na tai. Binti yangu Lydie akaendesha gari, alikuwa ametoka zamu kule anakotunza wazee, amechoka, anapiga miayo.

Dada wa kule dirishani akauliza, jina la anayelipa? Nikasema: Adjudant Bisimwa Mushagalusa. Akauliza adjudant inaandikwaje. Nikamtajia herufi mojamoja. Lydie akanifinya mkono.

— Baba, andikisha Mama Feli! Msiba si wako.

— Wewe umekulia kambini kwenye hema, utajua nini habari za msiba?

— Nitajua kwamba wewe si adjudant.

Kwa Kishi, lugha yetu, alisema hilo. Yule dada hakusikia. Risiti ninayo mfukoni, ina muhuri, jina linang'aa.

Jumatatu, 23 Agosti

Watu kumi tu wanaruhusiwa. Mimi nilikuwa wa tatu kwenye orodha.

Wamemchoma. Nilikuwa nimemkatalia Mama Feli juzi, nikasema askari hachomwi, anazikwa na buti zake. Alinijibu polepole. Alisema, Manong, ndege za sasa hazichukui maiti, na mimi simwachi huku. Majivu nitayabeba mikononi mwangu mwenyewe. Nitampeleka kwetu Ilocos, kwenye makaburi ya askari wenzake, nilimwahidi.

Mtu anayejua mahali atakapozikwa, utamwambia nini?

Sanduku lilikuwa la karatasi ngumu yenye rangi ya mbao. Nililigonga kwa kidole mtu asione. Karatasi!

Jumapili, 29 Agosti

Matanga yangu nayafanya hivi. Kiti changu upande wangu, chake upande wake, fensi katikati. Tunakaa. Lydie anasema ni kosa, Baba, watakutoza faini. Nimekaa kwenye majani yangu mwenyewe, nimwachie nani?

Majivu yako juu ya kabati la televisheni. Anayasalimia akiamka.

Ijumaa, 10 Septemba

Mama Feli ameniletea fomu nizione. Ile ofisi ya Manila. Kumbe ni kweli kabisa, Eusebio hakuwa anajitapa. Fomu moja hiyo inafungua yote, ndivyo mpwa wake alivyomweleza kutoka kule: msaada wa gharama za mazishi, bendera, na nafasi ya kaburi. Bila hiyo yeye hana pa kumweka. Msaada wenyewe anataka kuurudisha kanisani kwetu kwanza. Nikamwambia akiurudisha nitaacha kumsalimia. Akacheka! Mara ya kwanza tangu siku ile.

Ameambatanisha cheti cha kifo, karatasi za jeshi za Eusebio, na ile risiti. Nilimpa mimi. Nilijisikia mkubwa.

Nimezishika zile karatasi za jeshi. Zimekuwa njano. Namba ya askari. Kikosi. Alipoingia, alipotoka, sahihi ya kapteni. Mtu mzima ameingia kwenye karatasi mbili. Mimi nikifa nani atafungua droo gani?

Mke wangu Verdiane amezikwa Lugufu, Tanzania. Ile kambi ya wakimbizi imefungwa zamani. Wanasema ni nyasi tu sasa. Nafahamu kaburi ni hatua ngapi kutoka bombani, lakini bomba lenyewe liko wapi.

Jumanne, 12 Oktoba

Jana wametufungulia, amri ya kukaa ndani imekwisha. Watu wamejipanga foleni kwa vinyozi kama ni mgawo wa unga.

Na leo jibu la Manila limekuja. Mama Feli amelisoma mara mbili nikasikia vibaya mara zote mbili. Msaada wanampa yule aliyelipa mazishi. Risiti inasema aliyelipa si mjane. Ni mtu mwingine, tena mwenye cheo cha jeshi. Huyu Adjudant ni nani? Ni ndugu? Ni askari wa jeshi gani? Je, naye anadai? Wanataka karatasi ya kiapo kutoka kwangu: nilimlipia nani, mimi ni nani hasa, kazi yangu ilikuwa nini, na kama cheo ni cha kweli niweke ushahidi wa utumishi. Mpwa wake ameitwa ofisini tarehe 29 mwezi huu na faili kamili. Asipokuwa nalo, faili linarudi mwisho wa mstari, na mstari huo, anasema, watu wanafia ndani yake.

Mama Feli hakunilaumu. Alisema ni kitu kidogo, Manong, wewe utaandika tu. Una karatasi zako za jeshi, si ndiyo?

Nikasema ziko ndani ya sanduku.

Jumatano, 13 Oktoba

Nimekwenda peke yangu kwa basi kwenye nyumba ya mazishi wabadilishe jina. Dada yuleyule. Hawawezi. Risiti inaonyesha aliyelipa, na wewe ndiye uliyelipa, bwana. Nikasema basi futa lile neno la mbele. Akasema ulilitaja herufi mojamoja, nakukumbuka.

Nikamwambia Lydie anipigie chapa kiapo. Andika Adjudant, kikosi cha parashuti, karatasi ziliungua vitani. Zimeungua za watu wangapi! Akafunga kompyuta.

— Baba, kiapo ni kiapo. Na kwenye faili lako la ukimbizi umeandikwa nini?

— Najua nilichoandikwa.

— Serikali hii ina faili hilo. Watu wa mahojiano walikuuliza mara tatu, umewahi kuwa askari? Ukasema hapana. Leo unaapa ndiyo. Watakuita mwongo wa wakati ule au mwongo wa leo? Chagua.

Nikamwambia ana mdomo kama mama yake. Akasema asante.

Jumamosi, 16 Oktoba

Bon, haya. Hakuna anayesoma hapa isipokuwa mimi.

Nilikuwa seremala. Kambi ya jeshi Bukavu, miaka kumi na tisa, raia. Vitanda, madawati, vitako vya bunduki. Na masanduku. Hasa masanduku. Vita vya Shaba vilipowarudisha vijana wetu, waliingia kwenye mbao zangu. Askari walinitania, Bwana Sanduku, umenipima? Wakipita walinipiga kofi kisogoni, na wewe huwezi kurudisha, wao wana buti, wewe una kandambili na randa. Nilizitaka zile buti. Mungu ananijua nilivyozitaka.

Nilijua kila kitu chao. Saluti, bendera inakunjwaje, nani anasimama wapi. Nilisimama nyuma ya ukuta na misumari mdomoni nikajifunza. Mama zao walikuja kutoka vijijini na kitenge kimoja wafunike sanduku. Bendera zilikuwa za maofisa. Ofisi ya kusaidia mazishi? Mimi ndiye nilikuwa ofisi! Serikali ilitoa misumari, tena ya kuhesabu.

Sanduku zuri kuliko yote nililotengeneza ni la Verdiane. Mbao za kitanda chetu, kwa sababu pale Lugufu mbao nyingine hazikuwepo. Nililala chini mwaka mzima. Halikuwa na ufa hata mmoja. Hakuna seremala Bukavu angeliunga vile, na ninasema kwa kuwajua wote.

Na ule uongo — ni Eusebio aliuanzisha! Wiki ya kwanza alinitazama nilivyosimama, akauliza, wewe soldier? Nikasema ndiyo. Ndiyo moja tu. Kesho yake akaleta kahawa. Ningemwambia nini sasa, rudisha kahawa yako?

Jumatano, 20 Oktoba

Sikutoka siku nne. Nimesema mgongo unaniuma.

Leo saa nne nimesikia kugongwa kwenye fensi. Mama Feli, na ile chupa ya Eusebio. Amenimiminia. Hakuuliza kiapo. Alisema watafungua mipaka mwezi ujao, ameona habari, ataanza kutafuta tiketi. Alisema nyumba ni kimya sana, Manong, ninaacha redio ikiongea Kichina ili mradi iongee.

Kahawa ilikuwa na sukari nyingi, kama ya mumewe. Nimeshindwa kuimaliza.

Siogopi serikali. Serikali ngapi nimezipita. Naogopa aondoke kwenda Ilocos akijua kwamba miaka sita mumewe alimpigia saluti fundi wa mbao.

Lakini asipoondoka? Eusebio abaki juu ya kabati la televisheni, kwa sababu yangu? Mimi ninayejua kulala mbali na wako kukoje?

Ijumaa, 22 Oktoba

Nimemwambia Lydie aandike. Amepiga chapa. Kila nikisema sentensi alinitazama, nikamwambia tazama kompyuta. Alipomaliza aliniwekea mkono begani, na sijui mara ya mwisho ilikuwa lini.

Kiingereza cha karatasi kinasema hivi, kwa ufupi: Mimi Bisimwa Mushagalusa, nilizaliwa tarehe moja Januari — kama nusu ya kanisa letu, wakimbizi tuliopangiwa tarehe! — sikuwa askari wa jeshi lolote. Nilikuwa seremala. Cheo kwenye risiti nilikisema mwenyewe na si cha kweli. Mchango ulikuwa wa mjane, mimi niliubeba tu kwa desturi yetu. Sidai kitu.

Mistari sita. Miaka sita.

Jumatatu, 25 Oktoba

Mtu wa kuapisha alikuwa bibi mmoja mwenye miwani ya kamba, na meza yake nje ya maktaba. Akaniuliza, umeelewa kilichoandikwa hapa? Nikasema ndiyo. Ni kweli chote? Kalamu ilikuwa imefungwa kwa mnyororo kama mbwa. Nikasema, Mama, subiri. Akasubiri. Nyuma yangu watu watatu. Mmoja akaguna. Nikamgeukia, nikamwambia kwa Kiswahili ukifika miaka sabini na tano na wewe utaguniwa.

Nikasema ni kweli chote. Nikatia sahihi. Naandika jina langu vizuri, watu wamenisifia.

Bibi akapiga muhuri, akasema, seremala, kazi nzuri hiyo, mume wangu pia. Ningetaka kumwambia jambo, lakini alishaita mwingine.

Jumanne, 26 Oktoba

Lydie alitaka kuipeleka yeye. Au kuipiga picha iende Manila moja kwa moja, Mama Feli asiisome hata. Inawezekana, Baba, ni sekunde mbili. Nilikataa. Lazima Mama Feli atie sahihi yake chini kwamba anakubali, na mtu hatii sahihi kitu asichosoma. Ningekuwa mwizi.

Saa nne. Nimempa juu ya fensi. Nimevaa koti.

Ameketi kwenye kiti cha Eusebio — hajawahi kukikalia, hata siku za matanga alileta chake cha jikoni. Anasoma. Macho yake si mazuri, anafuata kwa kidole. Mimi nimechukua daftari hili niandike, ili nisimtazame. Nikimtazama nitaanza kujieleza, na nikianza kujieleza nitaongeza kitu. Najijua.

Anasoma bado. Kuna ndege hapa wanapiga kelele kwenye nyaya za umeme. Kalamu yake ameiweka kwenye paja.

Amefika mstari wa pili. Kidole kimesimama.

Kimerudi mwanzo wa mstari.

Nimesikia karatasi. Amemaliza. Sijainua kichwa. Ameikunja karatasi, ameikunjua tena.

Ameuliza.

Hakuuliza kwa nini. Nilikuwa nimeandaa jibu la kwa nini, zuri, usiku kucha. Ameuliza kwa sauti ndogo tu:

— Manong. Yeye alijua?

Kalamu ameichukua, iko juu ya karatasi, haijaandika. Ananingojea mimi. Na mimi nahesabu. Miaka sita alinisimulia kikosi chake, kapteni wake, mvua ya kule, jina la mbwa wao wa jeshi. Kikosi changu hakuuliza hata siku moja. Hata namba yangu. Askari mzee, anakutana na askari mzee, hamuulizi kikosi? Ila mwaka jana alikuja na kiti kilichovunjika mguu, akasema, Sarge, hiki wewe utakiweza, akakiweka juu ya fensi bila kueleza zaidi. Kiti kibovu hupelekewa seremala. Nilikitengeneza. Ndicho amekikalia huyu sasa.

Ameniuliza tena. Nimemwambia angoje nimalizie kuandika neno hili.